Kungoja na Kuharakisha

Kila mtu husema kwamba mimba ni miezi tisa. Mtoto mdogo huijua hesabu hiyo kabla hajajua kuzidisha wala kugawanya. Lakini, msomaji, jaribu kuuliza miezi hiyo tisa huanza siku gani na kwisha siku gani, nawe utaona kwamba jambo ulilolidhani kuwa la hesabu limegeuka kuwa la makadirio. Ni mama wachache sana wanaoijua kwa yakini siku mimba ilipotungwa. Kwa sababu hiyo wakunga huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo mama aweza kuikumbuka, ingawa siku hiyo mtoto alikuwa bado hayupo. Kanuni yenyewe ilienezwa katika karne ya 19 na mganga wa Ujerumani aliyeitwa Franz Naegele: ichukue siku hiyo, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Jumla yake ni kama siku 280, yaani majuma 40, na tarehe inayopatikana huandikwa katika kijitabu cha kliniki kama kwamba imeandikwa mbinguni.

Haikuandikwa mbinguni. Katika kila watoto 100, ni kama 4 au 5 tu wanaozaliwa siku ile hasa. Wengine hutangulia, wengine huchelewa, na waganga humhesabu kuwa amekuja kwa wakati wake mtoto yeyote azaliwaye baada ya kutimia majuma 37 na kabla ya kutimia majuma 42. Tena kanuni ya Naegele yadhani kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 hupewa tarehe iliyo mapema kwa juma zima, naye akifika siku hiyo huambiwa amechelewa, hali hajachelewa hata kidogo.

Sasa swali langu ni hili. Ikiwa tarehe imepita na mtoto hajaja, yapasa kungoja, au yapasa kuuanzisha uchungu kwa dawa? Naliuliza katika kitabu cha wanafunzi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mtakutana nalo, wasichana katika miili yenu na wavulana katika nyumba zenu, wala sioni sababu ya kumficha kijana wa miaka 17 jambo ambalo huenda akaulizwa ghafula akiwa na miaka 25. Pili, ndani yake limo swali kubwa kuliko uzazi: je, mtu asiyetenda lolote amekwepa wajibu wa kuchagua? Mimi nilidhani nalijua jibu lake, mpaka nilipotakiwa kulijibu kwa mwili wangu.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nafundisha Ruiru, na tarehe yangu ilikuwa imepita kwa siku saba. Katika mlango wa tatu kutoka kwangu alikaa jirani aliyekuwa mjamzito kama mimi, naye hesabu ya kliniki ilimweka nyuma yangu kwa siku tatu. Kwake ilikuwa mimba ya tatu, kwangu ya kwanza. Jioni tulikuwa tukitembea pamoja taratibu hadi kando ya barabara kuu ya Thika, kwa maana tulikuwa tumeambiwa kwamba kutembea huamsha uchungu, na watu waliokuwa katika matatu walituchungulia madirishani kwa huruma iliyochanganyika na kicheko.

Siku ya Jumatatu nilipokwenda kliniki, daktari alinieleza mambo kwa utulivu. Alisema kwamba mtoto alikuwa akicheza vizuri na mapigo ya moyo wake yalikuwa mazuri. Naliweza kulazwa Jumatano nianzishwe uchungu, au naliweza kurudi nyumbani, nikahesabu mateke ya mtoto kila siku, na kwenda kupimwa kila baada ya siku mbili, isipokuwa hangependa kuniona nikivuka majuma 42. Kisha akanyamaza. Nilimwuliza, "Daktari, wewe ungefanyaje?" Akajibu, "Mwalimu, mimi sitalala katika kitanda kile." Wakati ule jibu lile liliniudhi. Siku hizi naliona kuwa la heshima.

Yafaa ujue alichokuwa akikipima. Mimba ipitapo siku zake, kondo la nyuma, ambalo kwa mtoto ni ghala na mapafu pia, laweza kuanza kuchoka. Maji yanayomzunguka hupungua. Mtoto mwenyewe huzidi kukua, na pengine huyachafua maji kwa kinyesi chake cha kwanza na kuyavuta mapafuni. Hatari ya kufa tumboni ni ndogo, lakini haikai mahali pamoja: huongezeka juma baada ya juma. Kwa upande wa pili, kuanzisha uchungu si kugeuza ufunguo mlangoni. Pengine mkunga huingiza mpira mdogo wa maji katika mlango wa mji wa mimba ili uulegeze. Pengine hutoa tembe. Pengine huipasua chupa ya maji, kisha hutundika dripu yenye oksitosini. Dawa hii ina historia nzuri. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba majimaji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huufanya mji wa mimba ukaze. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaiunda oksitosini katika maabara yake, na mwaka 1955 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Lakini dawa iwezayo kuamsha uchungu yaweza pia kuuamsha kupita kiasi, mtoto akakosa pumzi, na mama mwenye kovu la kupasuliwa zamani akawa katika hatari ya kupasukwa na mji wa mimba. Na pengine, baada ya yote hayo, mlango haufunguki, na kazi humalizikia kwenye kisu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu amekuja kutoka upande wa Thika kunisaidia. Katika ujana wake alikuwa mchumaji wa kahawa, zamani mashamba hayo yalipokuwa bado yameizunguka Ruiru, kabla mengi yake hayajakatwa viwanja na kujengwa nyumba kama ile niliyokuwa nikikaa. Nilimweleza habari za daktari. Akasema, "Mwanangu, mtoto si barua ya serikali hata awe na tarehe. Mungu ndiye mwenye siku."

Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma chuo cha ualimu, "Mama, wewe ulichuma kahawa. Tunda likiiva mlilingoja lidondoke lenyewe?"

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hatukulingoja lidondoke. Lakini mchumaji hulitazama tunda. Nyinyi mwatazama karatasi."

Sikuwa na la kusema. Msomaji aliyekulia Kiambu ajua ukweli wa maneno yale. Mvua moja huchanusha maua ya shamba zima, lakini matunda ya tawi lile lile hayaivi siku moja. Mchumaji hupita mstari ule ule mara nyingi, akichagua mekundu na kuyaacha ya kijani, hata yakiwa yamekaa bega kwa bega. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru wataalamu waliutoa mwaka 1985 mbuni uliopewa jina la mji wetu, Ruiru 11, unaostahimili magonjwa na kuzaa mapema. Lakini hata wao hawakupata mbuni ambao matunda yake yote huiva Jumatano. Ikiwa tunda la kahawa halifuati kalenda, kwa nini mtoto aifuate?

Hata hivyo baadaye niliona kwamba maneno ya mama hayakuwa upande wa kungoja tu. Alisema mchumaji hulitazama tunda. Basi na tulitazame. Picha ya mawimbi ya sauti ikipigwa mapema katika mimba huisahihisha tarehe kuliko kumbukumbu ya mama. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha hiyo angalau mara moja kabla ya majuma 24. Mateke huhesabiwa, moyo husikilizwa, maji hupimwa. Yote hayo ni kutazama tunda. Na anayengoja huku akitazama hafanyi jambo lile lile analolifanya yule anayengoja huku amefumba macho, ingawa ukiwaona kwa mbali wote wawili wameketi tu.

Tofauti hiyo naliijua kwa uchungu. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya siku zangu, mwenzangu tuliyesoma naye chuoni alifikwa na hali hii. Ulikuwa mwaka mzito. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha wauguzi nao wakagoma tangu Juni hadi Novemba. Malipo ya kujifungua katika hospitali za umma yalikuwa yameondolewa tangu Juni 2013, lakini huduma ya bure haimfai mtu ikiwa mlango umefungwa. Mwenzangu aliamua kungoja nyumbani. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa ndiye bora darasani mwetu katika somo la malezi ya mtoto. Mama yake alichelewa, dada yake alichelewa, na wote walizaa salama. Siku ya 12 baada ya tarehe aliamka, akaona kwamba mtoto hachezi. Simtwiki mtu lawama. Nasema tu kwamba nilikwenda kumpa pole, nikaikuta kabati ya nguo ndogo imefunguliwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuifunga.

Kwa hiyo nilipokuwa namsikiliza daktari siku ile ya Jumatatu, sikuwa nasikiliza kama mtu mwenye mizani mkononi. Nilikuwa naiona kabati ile.

Nilichagua Jumatano. Jirani yangu siku yake ya saba ilipofika, Alhamisi, aliambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi, naye akachagua kungoja na kupimwa. Mimi nilikaa katika uchungu wa dawa usiku wa kwanza na usiku wa pili, na Ijumaa alasiri nikapasuliwa, kwa kuwa mlango haukufunguka na moyo wa mtoto ulianza kulegea. Binti yangu alitoka akilia. Jirani yangu alishikwa na uchungu Jumamosi usiku, akaingia hospitali, na Jumapili kabla ya jua kuchomoza akapata mtoto wa kiume bila hata mshono mmoja. Baada ya majuma mawili alikuja kunitazama amembeba mwanawe mgongoni, mimi bado natembea nimeinama kama kikongwe.

Hapo majirani walitoa hukumu. Walisema, kwa upole, kwamba mwenzangu alikuwa na subira na mimi nilikuwa na haraka, na kwamba haraka haraka haina baraka. Ni watu wale wale ambao mwaka uliotangulia, waliposikia habari za mwalimu aliyefiwa, walitikisa vichwa wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Usiwacheke, msomaji. Lugha yetu imetuwekea methali za pande zote mbili kama fundi awekavyo nyundo na koleo katika kisanduku kimoja. Methali haichagui kazi. Hungoja kuitwa na aliyekwisha kuamua. Subira huvuta heri, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: ukiziweka mbele ya mama aliye katika juma la 41, hazitamsaidia, kwa maana anachokitaka ni kujua leo ni siku ya methali ipi.

Lakini katika hukumu ya majirani limo kosa ambalo nataka tulichungue polepole, kwa sababu sote hulifanya kila siku. Mwenzangu wa chuoni alingoja. Jirani yangu alingoja. Ukiondoa mwisho wa habari zao, na ukiondoa pia vipimo, ambavyo mmoja alivipata na mwingine hakuvipata, uamuzi wenyewe ulikuwa mmoja: mwanamke mwenye afya, mtoto anayecheza, tarehe iliyopita, moyo usemao "bado kidogo". Ikiwa mmoja alikuwa na hekima, kwa nini mwingine awe na ujinga? Hekima haiwezi kuingia ndani ya uamuzi siku tatu baada ya uamuzi kufanywa. Twamhukumu mtu kwa jambo ambalo lilikuwa halijatukia alipokuwa akiamua, na ambalo hakuwa na njia ya kulijua.

Kisa kilicho mashuhuri sana cha hukumu ya namna hii kilitukia Uingereza mwaka 1817. Binti mfalme Charlotte, mtoto wa pekee wa mtawala wa wakati ule, alikuwa na mimba ya mrithi wa kiti. Alitazamiwa kujifungua tarehe 19 Oktoba. Siku ikapita, juma likapita, juma la pili likapita, na uchungu haukuanza mpaka tarehe 3 Novemba. Mganga wake, Sir Richard Croft, alikuwa mfuasi wa elimu ya wakati wake iliyosema kwamba maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Uchungu ulidumu saa 50. Croft hakutumia koleo kumvuta mtoto. Usiku wa tarehe 5 mtoto wa kiume alizaliwa mfu, na alfajiri ya tarehe 6 mama naye akafa. Baba wa marehemu hakumlaumu mganga, lakini watu wengi walimlaumu, na yeye mwenyewe hakuweza kujisamehe: mnamo Februari 1818, akiwa amekwenda kumhudumia mama mwingine, alijiua kwa risasi. Laiti mtoto yule angalilia, Croft angalisifiwa kwa subira yake, nasi tusingalilijua jina lake.

Nafungua mabano hapa, kwa kuwa najua wapo kati yenu wapendao somo la historia kuliko hili. Kwa kifo cha Charlotte kiti kilikosa mrithi, na ami zake wakaoa kwa haraka ili kumtafuta. Mwaka 1819 mmoja wao alimpata binti aliyeitwa Victoria. Ni yeye ambaye jina lake lilibandikwa na Speke mwaka 1858 juu ya ziwa ambalo wenyeji walikuwa wameliita kwa majina yao tangu zamani, na ni katika utawala wake kwamba nchi yetu ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895. Naye mjane wa Charlotte, Leopold, alipewa ufalme wa Ubelgiji mwaka 1831, akaoa tena, na mwanawe Leopold wa Pili ndiye aliyeitia Kongo mkononi mwake mwaka 1885. Sisemi kwamba koleo la mganga mmoja lingaliiokoa Afrika, wangalikuja wengine. Nasema tu kwamba majuma mawili ya kungoja yaweza kuwa na uzao mrefu.

Turudi. Ikiwa matokeo ya mtu mmoja hayawezi kuhukumu uamuzi, ni nini kiwezacho? Wataalamu hujibu: matokeo ya wengi. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi uliokusanya majaribio 34 yenye kina mama zaidi ya 21,000. Ulionyesha kwamba kuanzisha uchungu mimba inapofika au kupita siku zake, badala ya kungoja, hupunguza vifo vya watoto, na kwamba, kinyume cha mambo yaliyodhaniwa na wengi, waliopasuliwa hawakuzidi bali walipungua kidogo. Kabla ya hapo, huko Sweden, jaribio la kulinganisha juma la 41 na juma la 42 lilikuwa limesimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu watoto 6 walikufa katika kundi la kungoja na hakuna aliyekufa katika kundi la pili. Shirika la Afya Duniani pia lashauri uchungu uanzishwe mama anapopita majuma 41.

Basi si jambo limekwisha? Bado. Uchunguzi ule ulikadiria kwamba ili kukiepusha kifo cha mtoto mmoja, yapasa kuanzishwa uchungu kwa kina mama 544. Iweke hesabu hiyo barabarani. Matatu moja ya kutoka Thika huchukua abiria 14. Yatakiwa matatu 39, ya mwisho ikiwa na nafasi mbili tupu, zote zimejaa kina mama wa juma la 41, zifuatane kuteremka kuja Ruiru. Ukiwaacha wote wangoje, ni mmoja tu atakayelia. Ukiwaanzisha wote, hakuna atakayelia, lakini 543 watakuwa wamelazwa, wamechomwa, wamevumilia uchungu wa dawa, na watoto wao wangalizaliwa salama hata bila hayo. Tena yule mmoja aliyeokolewa hatajijua. Atashuka Ruiru akinung'unika pamoja na wengine kwamba aliharakishwa bure.

Mimi nimo katika matatu hizo. Hesabu yaniambia safari ilikuwa na maana kwetu sote kwa jumla. Hainiambii kama ilikuwa na maana kwangu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao kwamba takwimu huondoa haja ya kuchagua. Takwimu hukuonyesha bei ya bidhaa, lakini haijui una nini mfukoni wala unathamini nini. Mama mwenye kovu la zamani, mama aliyewahi kufiwa, mama anayekaa mbali na hospitali kwenye njia isiyopitika masika, mama ambaye tarehe yake haina uhakika, hawa hawanunui kitu kimoja ingawa bei imeandikwa moja. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, hatari na faida za kila moja, kisha akubali mwenyewe. Wapo wanaodhani sheria hiyo ni karatasi za kutia sahihi tu. Daktari wangu, aliposema kwamba si yeye atakayelala katika kitanda kile, alikuwa ameielewa kuliko wao.

Limebaki lile swali nililolianza, la asiyetenda. Mama mkwe wangu aliona kwamba nikingoja, siku ni ya Mungu. Nikianzisha, siku ni yangu. Wako wengi wenye mawazo hayo, nao si washirikina. Huona kwamba mkono uliokaa kimya hauwezi kuwa na hatia. Katika enzi za bibi yake bibi yangu wazo hilo lilikuwa kweli kabisa. Hakukuwa na dripu, na asiyeweza kutenda hana chaguo la kukwepa. Lakini mara mtu aambiwapo, "Waweza Jumatano," kungoja kwake kumebadilika hata kama hakunyanyua kidole. Hadi jana alikuwa akingoja kama mtu angojavyo mvua. Leo angoja kama mtu aliyeliona basi likisimama mbele yake asipande. Huenda alifanya vyema kutolipanda. Lakini asiseme kwamba basi halikusimama.

Walakini sitaki kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba kwa sababu hiyo kutenda na kutotenda ni jambo moja. Mimi nimekaa na kovu miaka mingi sasa na sioni hivyo. Anayeuingilia mwili ulio na afya, wenye mtoto anayecheza, ndiye apaswaye kuleta sababu. Anayeuacha uendelee na kazi yake hadaiwi sababu nzito namna hiyo, mpaka saa ile ambapo hatari ya kuuacha imekuwa kubwa na dhahiri. Ugumu ni kwamba katika juma la 41 saa hiyo ndiyo inayokaribia, wala haigongi kengele. Mwanzoni mwa juma mwenye kungoja haulizwi neno. Mwishoni mwa juma la 42 mwenye kungoja ndiye apaswaye kujieleza. Katikati yake ziko siku chache ambazo watu wawili wenye akili na nia njema waweza kuachana njia, kama tulivyoachana mimi na jirani yangu, bila mmoja wao kuwa amekosa.

Na je, mimi nilikuwa na haki ya kuchagua nilivyochagua? Nimeulizwa hivi na wanafunzi wangu, nami hujibu ndiyo, kisha husita. Jambo nililolichagua ni lile ambalo uchunguzi wa 2020 ungalinishauri. Lakini uchunguzi ule ulikuwa bado haujatoka, na hata ushauri uliokuwapo sikuuliza habari zake. Nilichagua kwa sababu ya kabati iliyofunguliwa. Kama mwenzangu wa chuoni angalijifungua salama, na jirani yangu ndiye angalikuwa na habari ya kuhuzunisha, yamkini ningalingoja, kwa utulivu ule ule na kwa maneno mazuri ya kujieleza. Naona tofauti kati ya uamuzi ulio sawa na mtu aliyeamua sawasawa, na siku ile nilikuwa na cha kwanza bila cha pili. Nililipata jibu la hesabu kama mwanafunzi aliyechungulia daftari la mwenzake: jibu ni sahihi, lakini mwalimu asimpe alama zote. Mwenzangu yule nilimwambia haya mwaka juzi. Alinisikiliza, akasema kwamba kama hofu yake ilimfaa mtu, basi ameridhika. Sasa ana wana wawili.

Jirani yangu bado ni jirani yangu, na watoto wetu wanasoma pamoja. Binti yangu amemzidi yule mvulana kwa siku mbili, na kila wanapocheza hudai haki za mkubwa: achague mchezo, akae dirishani ndani ya matatu, atangulie kunawa. Mwezi uliopita mvulana yule, ambaye hakika aliyasikia maneno ya wakubwa, alimjibu kwamba ukubwa wake si wa haki, kwa kuwa yeye binti aliitwa, hali yeye mvulana alikuja mwenyewe. Binti yangu alikuja jikoni mbio akitaka nimwambie kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Alisimama akifikiri, mkono umeshika sketi yangu, kisha akauliza kama angaliachwa angalikuja siku gani.